Zubeda na Kamera Isiyofunguliwa

Watu wanasema Zubeda ana kichwa kigumu. Mimi ni jirani yake hapa mtaani Buyenzi, nasema bora kingekuwa kigumu zaidi.

Ufundi aliupata kwa baba yake, aliyepiga picha kwa sanduku la mbao lenye miguu mitatu, kichwa chini ya kitambaa cheusi, nawe uliyekaa mbele hata kupumua marufuku. Zikaja filmu nyeusi na nyeupe, zikaja za rangi, kisha kamera za kadi, zisizotaka filmu, zenye kioo nyuma cha kuonyesha picha. Zubeda akanunua moja, akaenda nayo kwenye sherehe ya wanawake, vichwa wazi, watu wanacheza. Kabla hina haijakauka, picha ziko kwenye simu za mashemeji huko Kanada! Wanawake wakamwambia: rudi kwenye filmu. Tangu hapo simu zinakusanywa kwenye beseni mlangoni, na picha anazisafisha mwenyewe, gizani bafuni kwake, maana filmu ikiguswa na mwanga inaungua.

Lakini filmu nazo zimepotea mjini. Ile ya harusi ya Lubna, binti wa dada yangu, iliagizwa Dar es Salaam, tukaingoja hadi tukachoka. Ikiharibika, Lubna hana picha hata moja ya siku yake.

Siku ya harusi Zubeda akapiga vizuri, akaiweka kamera juu ya kabati, akaketi kula. Mara namwona Houda, shangazi wa bwana harusi, anayo mkononi.

"We Houda, unafanya nini?"

"Nafuta foto yangu tu. Nilikuwa na sambusa mdomoni. Mbona kioo chake sikioni? Kiko ndani?"

Tak! Akafungua mgongo wa kamera, mwanga wote wa sebule ukaingia.

Mkono wangu ulishafika kwenye bakuli la pilau, nimmwagie nalo. Zubeda akaniwahi, akaifunga kamera.

"Zote nilizopiga zimeungua. Zimebaki nafasi chache ambazo hazijatoka kwenye kikopo cha filmu."

Nje wanaume wanapiga honi, wamekuja kumchukua bibi harusi. Lubna ameshavaa baibui, analia.

"Muvueni baibui," Zubeda akasema. "Na Houda aende awaambie wanaume wangoje."

"Mi? Niwaambie nini?"

"Ulichofanya."

Akaenda. Honi zikanyamaza, kikafuata kicheko kikubwa. Akarudi amenuna kama mtoto aliyenyimwa andazi.

Zubeda akapiga polepole: Lubna peke yake, Lubna na mama yake, halafu sisi wote tumebanana, macho ya bibi harusi mekundu hivyo hivyo. Filmu ikaisha. Nyingine tutaitoa wapi, sijui.

Akaanza kuizungusha irudi kwenye kikopo chake. Houda huyo, anamsogelea.

"Dada Zubeda, hiyo ya mwisho nimetoka vizuri? Fungua kidogo nione."

Nikamkamata mikono yote miwili, nikaishikilia mpaka Zubeda alipovuka mlango na kamera yake.