Shanta Refu Kuliko Kichwa

Miguu yangu haikutulia kiangazi kile. Nikitoka kazini, kwenye gereji ya kuegesha magari ya jengo moja la ofisi mjini, badala ya kurudi nyumbani Springfield nikalale kama mtu mwenye akili zake, nilikuwa naingia duka hili natokea lile, natafuta begi. Ilikuwa miaka ya tisini inakwisha. Wenye magari pale gereji walikuwa na hofu kwamba mwaka ukigeuka kompyuta zitachanganyikiwa na dunia itasimama. Dunia yangu mimi ilikuwa inasimama mwisho wa mwezi wa nane, na kompyuta hazikuhusika.

Binti yangu alikuwa na miaka kumi na tano. Tulikuwa tunaishi wawili tu, mimi na yeye, tangu nilipoachana na mama yake. Mama yake aliolewa tena, akahamia mji mwingine, Bowie, kwenye nyumba yenye uwanja mbele na uwanja nyuma. Mwezi wa sita akanipigia simu, akaniambia kwa ile sauti yake ya taratibu ninayoijua na nisiyoipenda: "Mtoto ameshakua. Mwache achague mwenyewe. Shule zikifunguliwa awe ameshajua anakaa kwa nani." Nikasema haya. Nilipoweka simu chini nikaanza kutembea: jikoni, sebuleni, jikoni, sebuleni. Nilitembea mpaka jirani wa chini akagonga dari lake.

Wiki ileile binti akaja na karatasi ya mashindano. Alikuwa anaendesha baiskeli na wenzake wa shule, na haya yalikuwa mashindano ya watu wawili wawili. Mnapewa ramani na dira, mnaingia msituni kwa baiskeli za milimani, mnatafuta vituo vilivyofichwa. Kila kituo kina kibendera na kikoleo kidogo cha kutobolea kadi yenu, ili ijulikane mlifika. Siku mbili, na usiku mnalala hukohuko kwenye hema mlilolibeba wenyewe. Mwenzake waliyekuwa waende naye alikuwa ameteguka mguu. Akaniuliza kama ningependa kwenda mimi. Aliniuliza kwa Kiingereza, maana mwanangu Kiswahili anakisikia chote, hata masengenyo, lakini kumjibu mtu kwacho, wapi!

Ningependa? Ningekwenda naye hata mwezini. Nikajiambia: tukiyamaliza mashindano haya vizuri, mtoto haendi popote. Ujinga mtupu, najua, lakini nilishauamini, na nikishaamini kitu mimi hunitoi.

Sasa begi. Binti alitaka niwe na dogo, pana kidogo, linalokaa chini kiunoni. Akanichorea kabisa kwenye karatasi. Nikanunua dogo. Nikafika nalo nyumbani, nikalitazama, moyo ukakataa. Hema liingie wapi? Mfuko wa kulalia uingie wapi? Na chakula? Nikalirudisha. Nchi hii ina jambo moja zuri, unanunua kitu leo, kesho unakirudisha na hakuna anayekutukana. Nikachukua la pili, nikalirudisha nalo kwa sababu zipu yake ilikuwa laini kama ya gauni. Duka la tatu, huko Annandale, ndipo nikaliona: shanta la kijani, refu, lina mikanda mipana na mifuko mpaka huna mkono wa kuifungua yote. Kama yale ya wanajeshi waliokuwa wakipita mtaani kwetu Tanga nilipokuwa mdogo, ila hili lilikuwa zuri zaidi.

Nikalipima kama tunavyopima kwetu. Nililijaza vitu vya dukani, viatu, masufuria, chochote nilichokiona. Nikalinyanyua kwa mkono mmoja, nikalitikisa, nikatega sikio kusikia kama uzi unalia. Halikulia. Muuzaji, msichana mpole, akanipima mgongo kwa utepe, akanionyesha baiskeli iliyofungwa pale kwenye kibao. Akaniambia nipande nalo kwanza nione linavyokaa. Nikamwambia asante sana, baiskeli mimi naijua kabla wewe hujazaliwa. Nikalipia, nikaondoka.

Jirani yangu mmoja Mkenya, aliyeniazima baiskeli, alikuja kunirekebishia breki. Akaliona shanta limesimama sebuleni. "Mzee, hii ni begi ama ni keja? Utalipa rent wewe!" Keja kwao ni chumba cha kupanga. Akacheka mpaka akakaa chini. Binti naye akacheka, na nilivyokuwa na roho juu siku zile, kicheko cha binti kilinitosha.

Usiku wa kuamkia safari nilipika. Kachori, mayai ya kuchemsha, mkate wa kumimina, na chupa kubwa ya chai ya tangawizi. Binti akasimama mlangoni mwa jikoni, akauliza chakula chote kile ni cha nani. Nikamwambia tunakwenda kulala na watu, huwezi kufika kwa watu mikono mitupu. Akasema, kwa Kiingereza chake, kwamba kule kila mtu anakula chake. Nikamwambia hao ni wao. Na kila kitu nikapanga kwangu, kwa sababu mwanangu habebi mzigo na mimi nipo. Shanta likajaa pomoni. Hema halikuingia, nikalifunga juu kwa kamba na fundo langu la kwetu, ambalo halifunguki hovyo.

Tukafika milimani asubuhi, mwendo wa saa mbili kwa gari kuelekea magharibi. Tukapewa ramani, tukapanga mstari, filimbi ikapigwa. Nikapanda baiskeli, nikainama kushika usukani, na hapo ndipo nilipoyaona ya kuyaona. Au niseme, sikuona kitu! Ukisimama, shanta refu linakaa nyuma ya kichwa kwa adabu. Ukiinama, hema lote linakuja kukukandamiza kofia ngumu kisogoni. Kichwa hakinyanyuki. Nilikuwa naona tairi la mbele, hatua mbili za udongo, na basi.

"Alaa!" nikasema. Nikajaribu kulegeza mikanda, wapi. Kufungua fundo, wapi. Binti akaniambia tutupe chupa ya chai. Nikamwambia atakayetupwa ni mimi, siyo chupa. Wenzetu walikuwa wameshapotea msituni.

Basi akapita mbele na ramani, akawa ananipigia kelele. Mwanzo kwa Kiingereza. Lakini mtu aliyeinamishwa kichwa na moyo unamwenda mbio hana nafasi ya kutafsiri. Akisema kulia, mimi nishapita. Mara ya pili nikaingia kwenye kijito mpaka magotini. Akasimama, akanitazama nikitoka majini, akavuta pumzi. Kisha akasema, "Baba, sikiliza. Kulia." Nikaenda kulia. "Mti. Inama. Inama zaidi! Breki, Baba, breki! Haya, twende, twende, kushoto."

Wallahi, machozi yalinitoka, na nashukuru nilikuwa nimeinama. Kutwa nzima alinisemesha Kiswahili. Kigumu kidogo, kina kutu, lakini sauti ilikuwa ya bibi yake mtupu. Tukapata kituo cha kwanza, cha pili, cha tano. Kila akitoboa kadi ananiambia, "Tumepata," nami nasema moyoni, kwishnei, Bowie watasubiri sana.

Jioni tukafika mahali pa kulala, uwanja wenye mahema kama ishirini. Nikasali, nikafungua vyakula, nikapanga kwenye sahani, nikaanza kupita hema hadi hema. Watu wema kabisa, wote wakatabasamu. Asante, hapana. Asante, tumeshakula. Walikuwa wameshika vipakiti vya unga wanavyovimiminia maji ya moto. Mmoja tu alichukua yai, nadhani kwa huruma. Nikarudi na sahani yangu imejaa kama ilivyokwenda. Niliona aibu, sitaki kusema uongo.

Binti aliketi kando yangu. Alichukua kachori, akala. Akachukua nyingine. Alikula saba, moja moja, na najua mwanangu huwa anashiba kwa tatu. Nikammiminia chai.

Ndipo nikamwuliza. Sikuweza tena kungoja, nilikuwa kama mtu amekalia siafu. Nikamwambia, mama, umeshafikiri? Akakiweka chini kikombe. Akarudi kwenye Kiingereza, polepole, kama anayejua pa kukanyaga. Alisema ameshafikiri. Alisema alimwambia mama yake ndiyo tangu mwezi wa sita, hata kabla hajaniletea ile karatasi. Kule kuna shule anayoitaka, na mdogo wake amezaliwa, anataka kumjua. Hakuna rafiki aliyeteguka mguu. Alitaka tu tupate siku mbili zetu kabla hajaondoka, na hakujua namna nyingine ya kuniomba.

Nilikuwa na maneno mengi. Mimi sikosi maneno. Nilitaka kusema kwamba nimerudisha mabegi mawili madukani kwa ajili ya jambo lililokwisha kabla halijaanza. Nilitaka kukasirika, na kidogo nilikasirika, nikainuka, nikazunguka hema mara tatu. Mara ya nne nikamwona bado amekaa palepale, ameshika kikombe kwa mikono miwili, analia bila sauti. Nikakaa. Nikamwambia chai itapoa.

Asubuhi alikwenda kuchota maji, mimi nikapanga shanta. Chakula kimepungua, chai imekwisha, basi hema likaingia ndani lote na kifuniko cha juu cha shanta kikalala. Nilipopanda baiskeli kichwa kilinyanyuka bila taabu. Nikauona msitu. Nikaiona njia yote inavyoshuka bondeni, na mgongo wa mwanangu mbele yangu.

Sikumwambia. Niliinamisha kichwa mwenyewe, nikatazama tairi. "Nimekaa tayari," nikasema. Akageuka, akasema kwa Kiswahili, "Haya, Baba. Moja kwa moja."

Tukaenda hivyo asubuhi nzima. Kulia. Shimo. Inama. Shingo iliniuma kuliko jana. Kituo cha mwisho kilikuwa juu ya kilima. Alipokwisha kutoboa kadi alikuja nyuma yangu kuchukua maji kwenye mfuko wa shanta. Nikahisi mkono wake ukipita katikati ya shanta na kofia yangu, vidole vyote vinne, ukapita tena, taratibu. Nafasi ilikuwa tele.

Sikugeuka. Nikasema, "Bado sioni vizuri."

Akaufunga mfuko wa shanta. Kisha akapanda baiskeli yake, akatangulia. Kutoka pale mpaka wenye mashindano walipokuwa wakitungoja ilikuwa barabara ya vumbi iliyonyooka, pana, haina hata kokoto.

"Kushoto kidogo, Baba," akaniita. "Kuna jiwe."

Nikaenda kushoto.