Vitambaa Juu ya Spika

Wiki niliyoamua kugawa nusu ya santuri zangu, mke wangu hakusema lolote. Kama ningekuwa makini, kimya hicho kingenishtua. Nilikuwa nimezijaza kwenye makatoni na kuyapanga kando ya mlango wa sebule, hapa nyumbani kwetu Kiamunyi, yakingoja rafiki yangu ashuke na pikapu kutoka Mau Narok. Ndani yake mlikuwa na muziki wote nilioanza nao: jazi huru ya zamani, ya saksafoni zinazopiga mayowe na wapiga ngoma wasiohesabu. Nilijiambia kwamba masikio yangu yamekomaa na sina haja tena na makelele. Isitoshe, nyingi za santuri hizo niliziona zimekufa. Nilikuwa nimezicheza mpaka nikazimaliza, au ndivyo nilivyoamini.

Kwa asiyeijua, jazi huru ni muziki wa watu wanaoingia chumbani bila kukubaliana wimbo. Kila mmoja hupiga kinachomjia, akimsikiliza mwenzake au akimpuuza, na mtambo wa kurekodi unaendelea kuzunguka. Hakuna kiitikio, na ukijaribu kuuchezea dansi utaumia kiuno. Mimi sikuutafuta. Nilikuwa kijana, fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja cha unga mjini Nakuru, na mwalimu mmoja mgeni aliyekuwa akirudi kwao aliuza vitu vyake vya nyumba langoni kwake. Wengine waligombania sufuria na magodoro. Mimi nikachukua kinanda cha santuri na katoni moja la santuri, nikiwa na hakika kwamba ni rumba, kwa sababu ganda la santuri ya juu lilikuwa na picha ya mtu akipuliza saksafoni, na saksafoni kwangu ilikuwa rumba tu.

Ganda lenyewe lilikuwa jekundu. Nilipoiweka ile santuri, kwanza nilisikia matoazi peke yake, yakigongwa kwa ncha ya kijiti, mbali, kama manyunyu yanapoanza kudondoka juu ya mabati. Yakaendelea hivyo kwa muda. Kisha saksafoni mbili zikaingia pamoja zikilia, kila moja na kilio chake. Nikazima. Nikawasha tena, nikaongeza kasi, nikapunguza. Kesho yake nikabeba kinanda hadi kwa fundi wa redio karibu na soko. Akasikiliza, akakifungua, akakifunga, akasikiliza tena.

"Boss, hii mashine iko sawa," akaniambia. "Ni hao watu wako na shida."

Nilirudi nyumbani nimenuna, na kwa kuwa sikuwa na santuri za aina nyingine, niliendelea kuzicheza hizo hizo. Kiwandani nilikuwa nimezoea kutambua rola ya kusagia inayougua kwa sauti yake, katikati ya rola zote zinazounguruma. Jioni nikaanza kuwatambua wale watu kwa njia hiyo hiyo: huyu anasukuma, huyu anangoja, yule amechoka lakini hataki kuonekana. Hapo nikanaswa, na sijanasuka mpaka leo.

Mwanamke niliyemwoa ni mwalimu wa kwaya ya kanisa. Anaweza kusikia mtu mmoja wa sauti ya tatu akiteleza katikati ya watu wazima wanaoimba kwa nguvu zao zote, na akamwonyesha kwa kidole bila kumwonea huruma. Muziki wangu aliuita kelele tangu siku ya kwanza, na hajabadilisha jina hilo. Alipokuja nyumbani alikuja na vitambaa vyake vya kufuma. Vikaenda juu ya makochi, juu ya meza, juu ya televisheni, juu ya chupa ya chai, na viwili vikubwa vyeupe vikaning'inia juu ya spika zangu hadi zikafunikwa nusu. Sikulalamika wakati huo. Nyumba isiyo na vitambaa, mama mkwe angeuliza maswali.

Rafiki yangu wa Mau Narok ni mkulima wa ngano na viazi. Tulijuana alipokuwa akileta ngano kiwandani. Siku moja, akingoja gari lake lipimwe, alinisikia nikipiga mluzi wimbo usio na kichwa wala miguu, akaniuliza nimeutoa wapi. Kumbe naye alikuwa na santuri chache za namna hiyo, alizorithi kwa njia zake. Tangu hapo tumekuwa tukibadilishana. Zake hufika zimefungwa kwenye gunia juu ya viazi, zangu hurudi na gunia hilo hilo. Tuna kanuni moja ambayo hatujawahi kuivunja: anayerudisha santuri haruhusiwi kusema ni nzuri au mbaya. Anaulizwa jambo moja tu, "Uliinuka kitini wapi?" Ukisema uliinuka mwanzo kwenda kuizima, mwenzako anaelewa. Ukisema hukuinuka kabisa, anaelewa zaidi.

Miaka ya kwanza tulishindana kwa makelele. Wapiga ngoma wawili walikuwa bora kuliko mmoja, saksafoni tatu bora kuliko mbili. Mwenye nyumba wetu wa wakati ule aliwahi kubisha kuuliza kama kuna mgonjwa. Kisha, polepole, mimi nikaanza kubadilika. Kwanza niliachana na filimbi. Niliona wapiga filimbi ni watu wa kujionyesha bila kusema kitu. Baadaye fidla zikanichosha, nikazipeleka Mau Narok zote. Baadaye tena nikawachukia wapiga ngoma wanaojificha nyuma ya matoazi. Nikahamia kwenye tromboni, saksafoni zile kubwa zinazokoroma, na mwishowe besi, lile gitaa nene la kusimama linalopita kimo cha mtu. Siku hizi naagiza santuri kwa simu kutoka nchi za mbali, na ninazozipenda zaidi ni za mtu mmoja na besi moja katika jumba tupu, akivuta uzi mmoja na kuuacha ufe wenyewe.

Nikatunga na maelezo yake. Nilimhutubia rafiki yangu kwenye simu: kwamba ujana hutaka vilele na uzee hutaka mizizi, kwamba msikilizaji wa kweli hushuka chini mwaka hadi mwaka. Nilikuwa nayapenda sana maelezo hayo.

"Sawa, Profesa," alikuwa akinijibu. "Mimi bado niko darasa la kwanza. Nipe tu makelele yangu."

Kitu kilichonisumbua ni kwamba hata santuri mpya zilianza kufika zikiwa zimefifia. Nilibadilisha sindano ya kinanda. Nikabadilisha amplifaya. Nikalaumu vumbi la barabara yetu, maana hapa Kiamunyi kila mtu anajenga na malori ya mawe hayaishi kupita. Hatimaye nikavitazama vile vitambaa juu ya spika, nikaona nimempata mwizi. Nilimwambia mke wangu kwamba vitambaa vyake vinakula muziki. Nilisema kwa ukali zaidi kuliko ilivyohitajika, na nikaongeza kwamba mtu wa kwaya alipaswa kujua jambo dogo kama hilo.

Akavitoa, akavifua, akavikunja, akavitia kabatini. Akina mama wa jumuiya ya kanisa walipokuja waliuliza kama tunahama.

Muziki haukurudi. Nikazungusha kile kitufe cha kuongeza sauti nyembamba mpaka kikagota, na bado nikasikia besi tu, nzuri, na juu yake kitu kama ukungu. Wakati huo mke wangu alianza kupika akiwa na pamba masikioni. Nilimuuliza kama ana ugonjwa wa masikio. Akajibu kwamba hana, ila ana mume. Nikacheka, kwani ni kawaida yake kunichokoza.

Basi rafiki yangu akafika na pikapu kuchukua makatoni. Akashusha gunia la viazi, akanywa chai, kisha akaitoa ile santuri nyekundu na kusema kwamba hawezi kuichukua bila kuisikiliza kwanza. Nilimwonya kwamba mwanzo wake umefutika. Nilimweleza kwamba nimeucheza mno, sindano imeula, na sasa ni kimya kirefu mpaka saksafoni zinapoingia. Nikaiweka. Ikaanza kuzunguka, kimya kama nilivyosema, na mimi nikamtazama kuonyesha kwamba sikudanganya. Alikuwa ameziba masikio kwa viganja.

"Profesa, punguza hiyo kitu," akasema. "Inanikata kama wembe."

"Gani?"

"Si hizo cymbals!"

Mke wangu alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Wakatazamana, na katika kule kutazamana nikaelewa kwamba hii si mara ya kwanza mke wangu kuyafikiria masikio yangu. Rafiki yangu akapunguza kitufe mwenyewe. Halafu akakataa kupakia hata katoni moja mpaka niende kwa daktari, akaondoka na pikapu yake tupu.

Nilikwenda kliniki moja mjini. Binti mmoja mpole akaniingiza kwenye chumba kidogo kisicho na mwangwi, akanivisha hedifoni, akanipa kitufe nibonyeze kila nikisikia mlio. Nilisikia milio ya chini, nikabonyeza. Kisha pakawa kimya, nikakaa nikingoja aendelee. Nilidhani mashine imekwama na nikamwonea huruma. Mlango ukafunguliwa.

"Mzee, tumemaliza," akasema.

Aliniuliza nilifanya kazi gani. Nilipomwambia ni rola za unga, hakuniuliza zaidi. Kiwandani tulipewa vizibo vya masikio, na vyetu vilikaa mfukoni mpaka mkaguzi atokee langoni. Akanieleza kwamba sauti za juu ziliondoka kidogo kidogo, kwa miaka mingi, zile nyembamba zaidi zikitangulia. Vifaa vya kuvaa masikioni vingenisaidia kufuata mazungumzo. Kuhusu muziki hakuniahidi kitu.

Nilirudi nyumbani, nikaketi mbele ya makatoni. Niliona aibu, kisha nikashikwa na hasira ambayo sikujua nimrushie nani. Filimbi, halafu fidla, halafu matoazi: zote ni zile sauti za juu alizonitajia yule binti. Maelezo yangu yote ya mizizi na vilele yalikuwa ni masikio yakifunga milango moja baada ya nyingine, nami nikisimama nje nikisifu ukimya wa nyumba. Besi bado naipenda. Lakini jioni ile sikujua kama naipenda au kama ndiyo iliyobaki, na jambo hilo liliniuma kuliko uziwi wenyewe.

Nikampigia rafiki yangu. Nilimwambia aje abebe makatoni yote, sasa kwa sababu ya kweli: santuri zikae na mtu anayezisikia. Hakubishana. Akaja Jumamosi.

Tulikuwa tumeanza kuinua la kwanza wakati mke wangu alipotoka chumbani na vitambaa vyake viwili vyeupe. Akavitandika juu ya spika, akavinyoosha ncha, akanigeukia.

"Hiyo nyekundu haiendi," akasema.

"Wewe? Hiyo umeichukia tangu tuoane."

"Siipendi. Lakini naijua. Iweke."

Niliiweka. Akavuta kiti karibu na changu, akaketi, akashika mkono wangu na kuulaza juu ya goti lake kama anavyofanya anapomfundisha mwanakwaya mgumu. Santuri ikazunguka. Sikusikia kitu. Kisha kidole chake kikaanza kugonga juu ya kifundo cha mkono wangu, polepole, mara moja, kimya, mara mbili.

"Anaanza na ile ndogo," akasema. "Sasa anangoja. Anarudi. Hapa huwa anakosea kidogo, halafu anakosea tena makusudi." Vidole viwili, vitatu, vikaongezeka. "Sasa ile kubwa, anaisugua ukingoni. Watu wa saksafoni wako karibu. Mmoja amevuta pumzi."

Na kweli saksafoni zikaingia, pale pale aliposema.

Ile mvua ya mabati ilikuwa mahali pake, haikufutika hata kidogo. Nilimtazama mke wangu kana kwamba tulikuwa tumetambulishwa asubuhi ile. Rafiki yangu alikuwa amesimama mlangoni na katoni mikononi. Akaliweka chini, akasafisha koo, akauliza kwa adabu, kama kanuni inavyotaka:

"Mama, na wewe huwa unainuka wapi?"

"Kuinuka?" akasema mke wangu. "Hiyo kitu nimeiskia miaka hii yote nikiwa nimesimama jikoni. Leo ndio nimeikalia."

Makatoni hayakuondoka. Rafiki yangu aliombwa kunywa chai, na akaketi nasi mpaka upande wa kwanza ukaisha, nami nikageuza. Upande wa pili una mahali ambapo kila mtu ananyamaza isipokuwa matoazi, na nilipojua tumefika hapo, kwa sababu vidole vya mke wangu peke yake ndivyo vilivyoendelea, nilimuuliza kama ni nzuri.

"Ni kelele," akasema, na hakuacha kugonga.