Fundi wa Parklands na Laini ya Kitambo

Juzi nilipanga foleni katika ofisi ya kampuni moja ya intaneti, katikati ya jiji. Mbele yangu alikuwa fundi wa kompyuta wa kliniki fulani ya Parklands, msichana wa rika langu, pamoja na dereva wao. Picha ya eksirei ya mama mmoja, mgonjwa wao, ilikuwa imekwama tangu asubuhi. Daktari wa kuisoma yuko mtaa wa Karen, na mtambo wake unapokea tu data yenye anwani za intaneti za aina mpya.

"Laini yenu ni ya kitambo," karani akamwambia dereva. "Anwani mpya haziwezi kupita. Mngoje tuwabadilishie."

"Zitapita," fundi akajibu. "Nazifunga ndani ya zile za zamani, bahasha ndani ya bahasha. Kule Karen wanafungua ya nje. Mtambo wenu ndio unazizuia bahasha hizo; wewe ziruhusu tu."

Karani akamgeukia dereva tena. "Boss, hebu elezea huyu madam."

"Mimi najua gia, bro. Sikiza yeye."

Nikafungua mdomo nimtetee, maana kubishana ndiyo sifa yangu chuoni. Fundi akaniinulia kiganja, kisha akamwonyesha karani mahali pa kubofya. Karani akabofya.

Dakika chache baadaye daktari akampigia fundi simu, sote tukamsikia: "Imefika. Mfupa ni mzima, mwambieni mama aende nyumbani."

Nilivimba kichwa kana kwamba bahasha nimeifunga mimi. Hoja zangu nzuri nilirudi nazo nyumbani zote, hakuna aliyezihitaji.