Maneno ya Kung'oa Kisiki

Nilipokuwa mtoto niliamini, kama ninavyoamini kuwa chumvi ni chumvi, kwamba kuna mtu aliyelinyanyua basi zima peke yake pale Kwa Mathias. Basi limejaa abiria, kuku na magunia ya mkaa, gurudumu la nyuma limezama topeni pembeni ya barabara. Akashuka bwana mmoja mwembamba, akasema, "Sichoki, sishindwi, naweza," basi likachomoka kama jino bovu. Habari ilitufikia sisi watoto wa Kibuta kisimani, pamoja na masharti yake: maneno yasemwe alfajiri kabla hujasukutua, uelekee jua linakotoka, na asikusaidie mtu. Ukisaidiwa, maneno yanachacha kama uji wa jana.

Mwezi uliopita nilipita Kwa Mathias nikienda Kibuta, nikacheka peke yangu dirishani mpaka abiria wa pembeni akasogea. Wewe, rafiki yangu, usicheke bado. Maneno yale yalinitesa.

Mwaka ule watu walipotolewa mashambani kwao waje kuishi pamoja kijijini, bibi yangu alipewa kiwanja chenye kisiki cha mkorosho katikati. Mwanamume wa nyumba nilikuwa mimi, na kimo changu hakijazidi mchi. Kisiki chenyewe, nakuapia, kilikuwa kinene kuliko tumbo la mwenyekiti wa kijiji, na mizizi yake ilifika Mlandizi kama haikupitiliza. Mwenyekiti alikwisha kutangaza kwamba kiwanja kisichokuwa na nyumba hadi masika yaanze, atapewa mwingine. Bibi alikuwa akilala kwenye kibaraza cha mama jirani. "Asiye na kwake," alikuwa akisema, "hata usingizi anaazima."

Basi kila alfajiri nikaamka na kinywa kichungu, nikalielekea jua, nikayasema maneno yangu, kisha nikakivamia kisiki kwa jembe na shoka lenye mpini uliolegea. Huku nyuma nasikia michi ikitwanga kisamvu, moshi wa kuni mbichi unaniingia machoni, tumbo linanguruma. Nikisukuma, kisiki kimetulia. Nikivuta, kimetulia. Malengelenge yalinijaa viganjani hata nikawa nashika tonge kama mtu anayeshika kaa la moto.

Wenzangu wakipita na ndoo wanasimama. "Shikamoo kisiki," wanakisalimu. Halafu wananigeukia mimi. "Mzee hajaitika. Umemuudhi nini?"

Mama jirani alikuja na jembe lake. "Nikupokee kidogo, mwanangu?"

"Hapana, mama. Kimeanza kulegea."

Hakikuwa kimelegea hata unywele. Bibi naye alinitazama asubuhi moja akaniuliza, "Mume wangu, unachimba au unasali?"

"Nakiambia kitoke."

"Na chenyewe kinakwambiaje?"

Nikarudia kuchimba kwa hasira. Na hasira yenyewe, afadhali ingekuwa ya kisiki. Nilijikasirikia mwenyewe. Labda nilimeza mate kabla ya kusema. Labda nilisema "naweza" huku moyo ukisema "huwezi", na moyo ukasikika zaidi. Kesho yake nilisema kwa sauti kubwa, majogoo wa kijiji kizima wakanyamaza kunipisha. Kisiki, kimya. Na mawingu yalikwisha kuanza kujipanga upande wa Pugu.

Siku moja bibi akanituma Kisarawe nikanunue mafuta ya taa. Niliporudi jua limeinama, nikakuta kisiki kimelala ubavu, mizizi juu kama mende aliyepinduliwa. Kamba bado zimekizunguka. Wanaume na wanawake wamekaa chini wanakula muhogo wa nazi, jasho linawatiririka, bibi katikati yao anacheka mpaka kanga inamvuka. Nikaitupa chupa ya mafuta kwenye majani, nikaangua kilio. Walidhani ni furaha. Mimi nililia kwa sababu wameyachachisha maneno yangu, na kisiki kilikuwa kitoke kesho.

Nyumba ilisimama kabla ya mvua. Bibi alilala kwake. Mimi nililala chini ya makuti mapya, mkavu, nimenuna.

Ukubwani niliyabeba maneno yale mpaka kwenye madarasa ya jioni. Mwalimu alinisikia nikiyanong'ona mbele ya hesabu za kugawanya, akasema, "Maneno mazuri sana. Sasa gawanya." Cheti nilikipata, ninacho, na wala sikumbuki tena nani kati ya wenzangu waliokuwa wakibanana nami kwenye taa moja alinielewesha kugawanya. Sifa zote niliyapa maneno. Lakini kila niliposhindwa jambo, lawama nilizibeba mwenyewe: sikusema kwa moyo. Mzigo huo, ndugu yangu, ni mzito kuliko kisiki.

Kibuta ya sasa sikuijua. Kisima kimefukiwa. Vibaraza vimezungushiwa kuta na mageti, mwenye kujenga anaita fundi, na kamba za kuvutia visiki sijui zilioza lini. Wa zamani niliyemkuta ni mama jirani peke yake, amekaa mlangoni anamenya njugu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mwenye kisiki."

Tukacheka. Nikamsimulia ile habari ya basi, kama kichekesho tu, na kwa nini siku ile nilimkatalia jembe lake. Vidole vyake vikaacha kumenya.

"Habari ya lile basi niliileta mimi," akasema. "Nilikuwamo, natoka harusini Mlandizi. Tulishuka wote, tukasukuma wote, hata mimi na mimba yangu. Yule bwana alikuwa anatamka tu, ili tusukume kwa pamoja."