Jembe la Bibi kwa Kiingereza

Sisi tuliokwenda shule na jembe begani na fagio kwapani tunajuana. Wa siku hizi basi la njano linawafuata hadi mlangoni, halafu wanarudi kutufundisha kipi ni cha nani. Nina hasira, acheni niseme.

Nilisoma shule ya kijijini, Janga. Siku za shamba la shule majembe yetu yalirundikwa upenuni mwa ofisi, na Mwalimu Mwajuma wa Kiingereza akaona hapo ndipo pa kufundishia umiliki. Hulichukui jembe mpaka uliinue useme ni la nani, kwa Kiingereza. Ukishindwa, linalala shule. Mimi niliogopa kuliko wote, maana nyumbani jembe lilikuwa hilo hilo, na bibi alilitaka alfajiri kwenye mihogo. Jembe lilale shule, mimi nilale wapi?

Zamu yangu ilipofika nikaliinua, mpini umenizidi kimo, nikapaza sauti: "This is my hoe." Nikapigiwa makofi. Nikafika nyumbani kichwa kimevimba, nikamwamkia bibi, nikamkariria. Akauliza maana yake.

"Hili ni jembe langu."

Bibi akaacha kumenya mihogo. "Lako?"

"Langu, bibi. Mwalimu kasema."

"Haya, mwenye jembe. Hapa mwenye jembe ndiye anayelima. Kesho ukitoka shule nikuonyeshe matuta yako."

Nikadhani utani. Wiki nzima nililima peke yangu, viganja malengelenge matupu, huku dada yangu Zuhura amekaa kivulini anatafuna muwa, ananiomba ruhusa ya kupita: "Hodi, mwenye jembe." Mwisho nikamfuata Mwalimu Mwajuma anifundishe kusema jembe ni la bibi. Alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Nikarudi naimba njia nzima, "My grandmother's hoe." Nilipomfasiria, bibi akalipokea jembe lake, akamwita Zuhura akalime. Tangu siku hiyo nikakipenda Kiingereza.

Sasa huyu binti yangu, msomi wa mchepuo wa Kiingereza hapa Tumbi. Juzi Zuhura katutembelea kutoka Kurui na mwanawe. Mtoto wa watu kashika kikombe anywe maji, wangu kamnyang'anya: "It's mine." Mgeni akaenda bombani, akanywa kwa viganja. Zuhura akatazama ukuta. Nilitamani sakafu ipasuke inimeze, maana dada yangu akiondoka na neno hilo moyoni, Kurui nitaingia na uso gani?

Nikamkumbuka bibi. Nikasema, haya, mwenye kikombe, vyombo vyote hivyo tulivyolia uvioshe.

Akanitazama kwa utulivu. "Mama, visafi ndivyo vyangu. Vichafu ni vyako."

Zuhura akaangua kicheko, akajishika mbavu. "Hodi, mwenye jembe," akaniambia, akamwita mwanawe, wakakunja mikono ya nguo, tukaosha sote watatu. Tukaimba kile Kiingereza changu cha jembe, binti yangu akawa anatusahihisha matamshi.

Enzi zile jembe lilikuwa moja, na kila mtu alilikana. Leo kabati limejaa vikombe, vyote vina mwenyewe, na viganja vinavyochubuka bado ni vyangu.