Mbuzi wa Tatu na Kompyuta ya Mjomba

Harusi ya dada ilitugharimu mbuzi watatu, lakini pilau ilionja wawili. Leo kompyuta ya ofisini imetoa harufu ya vumbi linaloungua, nikamwona tena akilini mjomba, msimamizi wa mapishi yale, akituwekea video ya harusi sebuleni kwake Ukunda. Kila tulipofika kwenye masufuria, kompyuta ilizima.

"Wallahi, Dada, sijaigusa!" mjomba akamwapia mama.

"Ajabu, inajua pa kuzimia," mama akajibu.

Akaishika. Ilichoma kama pasi: mke wa mjomba alikuwa ameivisha kitambaa cha kufuma, kama wavishavyo redio, kikaziba matundu ya hewa. Mama akakivua, akaipepea kwa kanga.

Video ikaendelea. Mama akahesabu vichwa vya mbuzi vilivyoonekana jikoni mwa harusi, akarudia. Viwili.

Mjomba akakohoa. "Dada, nishauri. Nikulipe mbuzi mzima, au kwa kilo?"