Swali la Tisa kwenye Fomu ya Wajane

Selpha Amolo alikuwa na mwandiko mzuri kuliko mwanamke yeyote pale Asembo Bay, na mwandiko huo nusura umuue.

Mumewe alikufa maji mwaka wa tisini na moja. Shemeji yake, Joram, akaja na kiti na koti, eti amekuja kumrithi awe mke wake, kama desturi inavyotaka. Selpha akakitupa kiti nje. Yawa, kiti cha mwanamume! Joram akampiga mpaka jino likang'oka. Awuor, mke wa Joram, alisimama mlangoni akisema, "Mpige, ajifunze!" Mimi Aoko, muuza samaki, nilikuwa jirani, na sikuinua hata kidole. Naona haya kulisema, lakini nalisema.

Mwaka uliofuata mume wangu naye akafa, nikakataa kurithiwa, nikaonja ngumi mimi pia. Selpha akatukusanya wajane saba wa aina hiyo. Alitaka kitu kimoja tu: nyumba ya mabati yenye mlango wa chuma, mjane anayepigwa akimbilie humo. Sista mmoja wa Kisumu akatuletea fomu ya wafadhili wa Uholanzi. Maswali kumi, na mwisho wa kuituma ni Juni. Selpha aliyajibu yote isipokuwa la tisa: toeni ushahidi kwamba shida hii ipo.

"Ushahidi gani?" alifoka. "Niwatumie jino?"

Sasa sikia ujinga wetu. Kwetu jambo kubwa haliondoki bila kuombewa. Jumapili Selpha akasimama kanisani akaisoma fomu nzima, majina yetu na majina ya waliotupiga, ili waumini waiombee. Joram alikuwa ameketi benchi la pili.

Tulipotoka alikuwa anamngoja uani na kasia mkononi. "Umenitaja mbele ya Mungu!" Pigo la kwanza lilimpata mgongoni, la pili mdomoni. Selpha akaanguka kifudifudi, fomu ameilalia. Awuor akaweka goti juu ya mkono wake wa kulia, akaukandamiza chini, na Joram akaviponda vidole kimoja kimoja. "Huu ndio unaoandika, sivyo?" Nilisikia mifupa ikivunjika. Waumini walikuwa wanatazama. Safari hii sikusimama kutazama. Niliokota jiwe nikampasua Joram kichwa, naye mpaka anakufa alikuwa na kovu langu.

Hospitalini walimkata Selpha vidole vitatu. Daktari akajaza P3, ile karatasi ya polisi ya kuandikia majeraha. Kituoni askari akaisoma, akaturudishia. "Hayo ni mambo ya nyumbani, Mama."

Nilitukana njia nzima. Selpha, midomo imevimba, akacheka. "Nyamaza, Aoko. Shika kalamu. Swali la tisa."

Mwandiko wangu ni kama kuku amechakura. Niliandika: tazameni karatasi hii. Tukaibana P3 kwenye fomu, kona moja ina damu, tukaituma.

Pesa zilikuja, nyumba ikasimama mwaka wa tisini na nne. Selpha akaweka sheria moja: kila anayeingia aandike jina lake kitabuni kwa mkono wake. Joram hakukamatwa hata siku moja.

Alikufa kwa homa mwaka wa tisini na saba. Haikupita miezi miwili, mchana kweupe, nikamwona Awuor anakuja mbio, miguu mitupu, sikio limechanika, na ndugu wawili wa Joram nyuma yake na marungu, maana naye alikuwa amekataa kurithiwa. Ufunguo nilikuwa nao mimi.

"Wacha wammalize," nikasema, na nilimaanisha.

Selpha akaninyang'anya ufunguo kwa mkono wa kushoto, akafungua, akamvuta Awuor ndani kwa nguo, akafunga. Marungu yakaanza kugonga chuma. Awuor alikuwa sakafuni, anatweta, damu inamtiririka shingoni.

Selpha akamwekea kitabu magotini.

"Andika jina lako, mke wa shemeji. Ningekuandikia, lakini unajua siwezi."

Awuor akautazama ule mkono, akalia kwa sauti. Nje walikuwa bado wanagonga. Kisha akashika kalamu, akaandika.